Watu wa Desemba na watu wa Agosti

Tangu nilipoweka hapa picha ya mche wetu wa masuku, yale matunda ya porini, watu wananiandikia wakiuliza wajiandikishe wapi ili waje kusaidia kwenye miti ya bustani ya Zoo. Hakuna pa kujiandikisha. Kundi letu halina jina, halina fulana, halina rais wala makamu wa rais, na kwa Lubumbashi hilo ni ajabu, maana hapa watu watano wakila bukari pamoja siku mbili, siku ya tatu wana mhuri na mweka hazina. Sisi tuna kaye moja, daftari la kuandika vyombo vinavyotoka na vinavyorudi, na ufunguo wa kichumba cha vyombo hivyo. Vyote viwili ninavishika mimi, ndiyo maana wananiita Mama Kaye. Siku za kazi niko Katuba na mashine yangu ya fotokopi. Jumamosi niko kwenye miti.

Swali lingine, na wengine huanza nalo kabla hata ya salamu: "Banalipaka ngapi?" Hawalipi. Kuna chai, na mkate kama mtu amekumbuka. Sishangai kuulizwa. Wazazi wetu walifanya salongo, kazi za jamii, kwa kulazimishwa enzi za Mobutu, na mpaka leo mtu wa umri wao ukimtajia neno hilo anashika kiuno. Kizazi chetu nacho kimelelewa na miradi: gari jeupe linakuja, unaandikwa jina, unapewa kofia na nauli, picha inapigwa, kwisha. Ukiambiwa kuna kazi isiyo na lazima wala nauli, unatafuta kilichofichwa ndani yake. Mimi nilitafuta, nikakuta mzee mmoja na bruete, yaani toroli, yenye gurudumu bovu.

Bustani yenyewe ni ile ya Zoo, pale mjini. Ilianza zamani, Lubumbashi ikiitwa bado Elisabethville. Katikati ilipita miaka ya 1990, miaka ya uporaji na njaa, wanyama wakaisha karibu wote. Sasa kuna simba, kuna mamba, na ndani ya uzio huohuo kuna sokwe wa J.A.C.K., kituo ambacho Franck na Roxane Chantereau walikianzisha mwaka 2006 kwa ajili ya watoto wa sokwe waliokamatwa mikononi mwa watu wa magendo. Ukifika mapema unawasikia kabla ya kuwaona. Mmoja anaanza chini chini, wengine wanapokea, sauti inapanda mpaka unadhani kuna vita, halafu ghafla kimya. Septemba 2022 wezi waliingia usiku wakachukua watoto watatu wa sokwe na kudai pesa ili wawarudishe. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima. Kwa hiyo usikasirike mlinzi akikuangalia begi. Mimi ananijua, ananiita dada, na begi langu analifungua vilevile.

Ila wengi wanaoingia pale wanaona simba, wanaona mamba, halafu wanatafuta kivuli cha kufungulia sahani. Ule mti unaowapa kivuli hawauulizi jina. Nami nilikuwa mmoja wao, mpaka yule mzee wa bruete alipoanza kunitajia. Yeye ni mstaafu wa reli, na miti anaijua kwa majina ya Kibemba aliyolelewa nayo: muputu, mutondo, mulombwa, mupundu, musuku. Mulombwa ukiukwaruza unatoa utomvu mwekundu kama umejikata kidole, na watoto wa shule wakionyeshwa hilo hawataki tena kwenda kwa mamba. Wanataka mzee aukwaruze mara ya pili. Anakataa kila mara. "Mara moja inatosha, naye anasikia," anawaambia, na wao wanaangaliana kama anatania au hatanii.

Sasa nije kwenye habari ya Desemba.

Tarehe 5 Desemba ni siku ya taifa ya mti, na mnajua inavyokwenda. Hema jeupe, viti vya plastiki vyenye utepe, bafle mbili za muziki, hotuba, hotuba nyingine ya kuishukuru ile ya kwanza. Mashimo tumeyachimba sisi jana yake. Kila mgeni ana shimo lake na mche wake, na beshi (sepetu) mpya iliyofungwa kitambaa ili mikono isichafuke. Anatia udongo mara tatu, anamimina nusu chupa ya maji ya kununua, anatazama kamera. Sina ugomvi na sherehe hiyo. Desemba ni mwezi mzuri wa kupanda: mvua imeshashika, udongo umelainika, na mche uliopandwa wiki ile una miezi kadhaa ya kunywa bila kumwomba mtu. Mji wetu unapata karibu milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, na karibu zote zinaanguka kati ya Novemba na Machi. Halafu inakata. Kuanzia Mei mpaka Septemba hakuna kitu, hata wingu la kukudanganya.

Mche uliopandwa Desemba kwa hotuba unafika Agosti bila hotuba. Upepo ni mkavu, vumbi jekundu limekaa juu ya kila jani, na kona yetu iko mbali na robine, bomba la maji, kiasi kwamba tiyo, mpira wa maji, haifiki. Inabaki bidoni. Bidoni la lita 20 ni kilo 20, na mkono wa plastiki unakata vidole. Nikifungua kaye kwenye kurasa za Desemba, majina yamejaa mpaka pembeni, wengine wameandika na cheo na namba ya simu. Kurasa za Agosti nyeupe tupu, isipokuwa mistari michache na majina yaleyale: mzee, mama mmoja muuza munkoyo, kile kinywaji cha mizizi, kutoka komini yetu ya Kenya, kijana wa Penga Penga, mwanafunzi mmoja wa agronomia wakati mitihani haijambana, na mimi. Hao ndio bustani, kama unataka maoni yangu. Hema jeupe likija, vema. Lisipokuja, hakuna mti utakaokufa kwa kukosa hotuba.

Kijana wa Penga Penga nimtaje kidogo. Mtaa wao uko upande ule ambao upepo ulipelekea moshi wa kiwanda cha shaba kwa miaka na miaka, tangu shaba ya kwanza ilipoyeyushwa hapa mwaka 1911. Udongo wao umejaa madini kiasi kwamba miti ilikataa. Watu wa Chuo Kikuu walifika huko kujaribu nyasi fupi fupi zinazovumilia shaba, angalau udongo usipeperuke na kuingia kwenye sufuria za watu. Kijana huyu hasemi sana. Lakini mkabidhi mche aushike, utaona anavyoukagua mizizi kabla ya majani.

Kati ya Desemba na ukame kuna Bonana. Asiyekuwa mwenyeji wa mji huu hawezi kuelewa Bonana ya Zoo. Tarehe mosi Januari familia nzima zinaingia, watoto wamevaa nguo mpya zenye lebo bado, viatu vinawabana, bibi amebebewa kiti chake kutoka nyumbani. Foleni ya langoni inazunguka. Kuna vilio vya watoto waliopotea na vilio vya watoto waliopatikana wakachapwa. Napenda siku hiyo kuliko sikukuu yenyewe. Napenda kwa sababu mtu wa Ruashi na mtu wa mtaa wa matajiri wanakaa chini ya mti uleule, na mtoto wa mmoja anamwibia biskuti mtoto wa mwingine.

Kesho yake sipendi sana. Mifuko, mirija, sashe za maji, mifupa ya kuku, kiatu kimoja. Serikali ilikataza mifuko ya plastiki kwa amri ya mwisho wa 2017, lakini amri hiyo ukiitafuta tarehe 2 Januari pale kwenye nyasi huioni. Tunaokota na magunia. Miaka ya nyuma tulikuwa tunachoma kila kitu, moshi unaenda moja kwa moja kwa sokwe. Ni mama wa munkoyo aliyeleta akili ya chupa. Chupa za maji na za soda tunaziweka kando, tunaziosha, tunazifungia kwenye magunia mpaka Mei. Halafu kila chupa inatobolewa kitundu kimoja kwa sindano iliyopashwa moto, karibu na kifuniko, inakatwa kitako, na kuzikwa kichwa chini kando ya mche, shingo ikielekea mizizi. Unamimina maji juu, yanashuka tone kwa tone huko chini, jua haliyapati. Kitundu kikiwa kikubwa maji yanakwisha kabla hujafika robine. Kikiwa kidogo sana udongo unakiziba. Mama anajua ukubwa wenyewe kwa kutazama tu, amezoea kupima munkoyo kwa kikombe bila kumwaga. Sisi wengine tunatoboa, yeye anakagua na kutupa nyingi.

Kwa hiyo ukinywa maji yako pale Bonana, tafadhali usiikanyage chupa.

Juni na Julai ni baridi. Wageni kutoka Kinshasa hawaamini mpaka wakose blanketi. Asubuhi hizo vidole havishiki kupekupe, panga la kufyekea, vizuri, na kazi ni kufyeka mkanda wa nyasi kuzunguka kona yetu ili moto usiingie, kwa kuwa kiangazi mji mzima unachoma majani na cheche haina mpaka. Nyasi tulizofyeka tunazitandaza chini ya miche kutunza unyevu, ila siyo karibu na shina. Mchwa wa Katanga hawaulizi. Ukizitandaza mpaka shinani, wanapanda na udongo wao, wanajenga mlango, na baada ya muda mche unabaki ganda. Tunaacha nafasi ya kiganja na kumwaga majivu ya makala, yaani mkaa. Kwa mchwa mzee ana heshima ya pekee. Anasema vile vichuguu vikubwa tunavyoviona nje ya mji, virefu kuliko nyumba, vina umri kupita sisi wote, nasi tunavibomoa tupate matofali ya kujengea kwenye parsele, viwanja vyetu.

Hapa nifike kwenye kisa ambacho nilikuwa nimekiweka kando.

Kwa nini kwanza tupande muputu na mutondo mjini? Hata ndani ya kundi tumegombana kuhusu hilo. Miti inayopendwa Lubumbashi ni jakaranda na flamboyant, na zote mbili ni wageni: jakaranda ni wa Amerika ya Kusini, flamboyant ni wa Madagaska. Inakua bila kubembelezwa, inatoa maua, watu wanafurahi. Miti ya msitu wetu wenyewe ni migumu, inachelewa, na mtu wa mjini anaijua ikiwa tayari imefungwa ndani ya gunia. Siku moja darasa lilikuja kutembelea, mzee akawaonyesha mutondo, akawaeleza kwamba vinkubala, viwavi wale wanaokaangwa nyumbani kwao wanakula majani ya miti ya namna hiyo. Mtoto mmoja wa mbele, meno mawili hayapo, akanyoosha kidole: "Hii njo ile inatoshaka makala?" Mwalimu wake akacheka kwa aibu. Mtoto alikuwa sahihi kabisa. Mji huu unapika kwa makala, na makala yanatoka kwenye mutondo na muputu, na kila mwaka lori zinayafuata mbali zaidi. Basi mimi nilikuwa upande wa waliosema tuache kona moja kwa ajili ya miti hiyo. Upande wa pili walitaka mitende kwa ajili ya picha. Tulipata kona moja, nao walipata mitende karibu na lango.

Ugumu wa miti hii ni kwamba miaka yake ya mwanzo inafanya kazi chini ya ardhi. Mche wa muputu mvua zikiwepo unatoa majani machache, kimo cha mkono. Kiangazi kikija sehemu ya juu inakauka yote, kijiti cha kahawia kinabaki, unakivunja kama kiberiti. Mwaka unaofuata unachipua tena kutoka chini, na kiangazi unakauka tena. Inaweza kwenda hivyo miaka kadhaa. Wakati huo mzizi unashuka, unanenepa, unajiwekea akiba. Siku ukiona umetosha, ndipo unapanda juu na haurudi nyuma. Ndivyo unavyoishi kwenye nchi yenye miezi mingi bila tone na moto kila mwaka.

Mtu ambaye hajui hilo anaona vijiti.

Agosti moja kampuni fulani ilileta wafanyakazi wake kwa siku ya kusaidia jamii. Fulana mpya, chakula kwenye maboksi, mashine za kufyekea zenye petroli, mpiga picha. Walikuja na moyo mzuri, sikatai, na mkanda wa moto ambao ungetula Jumamosi nyingi waliumaliza kabla ya saa sita. Walipoumaliza, nguvu ilikuwa bado ipo. Wakaingia kwenye kona. Walikuta vijiti vikavu vimesimama kwenye mistari, chupa kuukuu zimezikwa kichwa chini pembeni yake, wakaona ni uchafu juu ya uchafu. Wengine walifyeka. Wengine, wenye bidii zaidi, waling'oa na kurundika vizuri kando ya njia, chupa upande mmoja, vijiti upande mwingine. Picha walizopiga zilikuwa safi sana. Ardhi imepigwa fagio mpaka inang'aa.

Mzee alifika jioni. Hakupiga kelele. Alichuchumaa kwenye kisiki cha kwanza kilichofyekwa, kirefu kama ukucha, akakwaruza gamba kwa kidole gumba sawasawa na usawa wa udongo. Ndani palikuwa na unyevu, rangi ya kijani iliyofifia kama ya kabichi la ndani. Akasogea kwa cha pili. Akasogea kwa cha tatu. Alikwenda hivyo mstari mzima kwa magoti, suruali ya stesheni ikageuka nyekundu, huku akisema peke yake, "Haiyakufa. Inalala. Na hii inalala." Alipofika kwenye rundo la vilivyong'olewa alichukua kimoja, akauangalia mzizi uliokatika katikati, akakiweka chini, akaniomba kaye. Aliandika idadi yake mwenyewe. Ukurasa ule sikuongeza kitu.

Mvua ziliporudi, vilivyofyekwa vilichipua karibu vyote kana kwamba hakukutokea jambo. Vilivyong'olewa vilikuwa kuni.

Tangu hapo kila mche una duara la mawe, na kibao cha bati nilichokiandika kwa rangi nyekundu: MIMI SI MUKAVU, NINALALA. NIACHE. Watoto wanavisoma kwa sauti na kucheka. Kibao kimoja kiliibwa, sijui mtu alikiweka wapi nyumbani kwake. Kutoka ile kampuni alirudi msichana mmoja tu, bila fulana, akauliza kama ni kweli vijiti vile vilikuwa hai. Nilimpeleka akaona. Sasa yeye ndiye anayeongoza vikundi vya makampuni vikija, na anawapa mambo ya kubeba: maji, mawe, mchanga. Mashine za petroli zinabaki langoni.

Septemba ni ya mbegu, na hii ndiyo kazi ninayowashauri wenye watoto waje kufanya. Ganda la muputu likikauka linajikaza, linajikunja pande mbili kinyume, mpaka linapasuka kwa mlio, tá!, na kurusha mbegu mbali. Jua la mchana likiwa kali unayasikia kwenye mti mmoja, kisha mwingine. Watoto wanakimbilia mlio. Mbegu zenyewe ni bapa, za kahawia, zinang'aa kama kifungo cha koti. Hazitunziki muda mrefu, mvua ya kwanza tu zinaota, kwa hiyo ukizisahau kwenye droo umezipoteza.

Na kwenye mfuko wa mche mzee hakubali udongo wa kununua peke yake. Lazima viganja viwili vya udongo kutoka chini ya mti mkubwa wa aina hiyohiyo. Nilidhani ni mila. Mwanafunzi wetu wa agronomia ndiye aliyenieleza: mizizi ya muputu na mutondo inaishi na nyuzi za uyoga zinazouletea mti maji na chakula cha udongoni, nao mti unazilipa kwa sukari. Bila nyuzi hizo mche unadumaa. Na baadhi ya uyoga huo huo ndio ule wa njano tunaoununua kando ya barabara ya Likasi mvua zikikolea, unaopikwa na karanga. Uyoga mkubwa kabisa, ule ambao mtoto anaweza kuushika kama mwavuli, huo si wa mizizi, huo ni wa mchwa, wanaulima ndani ya kichuguu. Kwa hiyo anayemaliza msitu anamaliza mboga, na anayebomoa kichuguu anamaliza mboga nyingine. Mzee alisikiliza maelezo yote ya nyuzi kwa adabu, akasema, "Bon. Viganja viwili."

Oktoba joto linapanda, jakaranda zimejimwaga zambarau chini, na harusi zinaanza kufuatana. Kila Jumamosi magari yenye maua, bibi harusi ameshikiwa gauni na mashoga wanne, fanfari inapiga, mwenye kamera amelala chini kwenye maua. Hapo tuna mapatano na wapiga picha. Wao wanataka zulia la zambarau libaki, wafagiaji wanataka kufagia asubuhi wakiwa na nguvu. Zamani walikuwa wakitukanana mbele ya maharusi. Sasa upande wa jakaranda haufagiliwi Jumamosi mpaka jioni, na kila mpiga picha anayefaidi zulia analeta kitu: gurudumu la bruete, glavu, rangi ya vibao. Gurudumu bovu lile nililolikuta siku ya kwanza lilibadilishwa na harusi ya watu wasiojua. Mama mmoja wa bwana harusi alipoambiwa kwamba maua yale yanalipiwa, alitaka kujua ni bei gani ya kuletewa kwake nyumbani. Tulimwambia aje na gunia jioni.

Mimi jakaranda nazipenda, msije mkanielewa vibaya kwa sababu ya ugomvi wa mitende. Ila nikiwa pale Oktoba macho yangu yanaenda kwenye kona. Miti ya msitu wetu inatoa majani mapya kabla ya mvua, mekundu kama shaba iliyosuguliwa, kiangazi kikiwa bado kimetukaba. Mutondo mkubwa mmoja unafanya hivyo kila mwaka, na hakuna harusi iliyowahi kusimama chini yake.

Kuna anayeniandikia kila mara akisema tuombe bustani yetu iwe kama Kisantu. Kisantu nimeiona kwa picha tu. Ilianzishwa na Bruda Justin Gillet, Mjesuti, mwaka 1893, na Eala ya Mbandaka ikafuata mwaka 1900. Ni bustani za mimea tangu siku ya kwanza, na zimepata wataalamu na mashamba makubwa. Yetu ni Zoo ya mjini yenye miti ambayo watu wanaikalia. Sitaki iwe Kisantu. Nataka tiyo inayofika mpaka kwenye kona, na mabidoni ambayo hayavuji, na mtu wa pili wa kushika ufunguo siku nikiwa na kilio au homa.

Basi, kwa wanaotaka kuja. Njoo Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali, na viatu vilivyofunikwa, kwa sababu ya miiba na ya nyoka mara moja moja. Mtoto anaruhusiwa kama anaweza kubeba chupa iliyojaa. Usilete miche ya kwako bila kuuliza, tuna mwarobaini na avokado za kutosha. Kitambulisho mkononi kwa ajili ya mlinzi. Mwambie unakwenda kwa Mama Kaye, atakufungulia begi, atakuonyesha njia. Ukikuta watu wamechuchumaa wakikwaruza vijiti, umefika. Utaandika jina lako na chombo ulichochukua, na jioni utakirudisha kimeoshwa. Kupekupe namba nne ina mpini uliolegea, usimpe mtoto.

Na kama una nafasi ya mwezi mmoja tu kwa mwaka, usinipe Desemba. Desemba nina watu.